Riwaya ya likizo: uliza kwanza mwandishi alisukumwa na nini



Ulaya ikifika Juni, magazeti yao hujaa orodha za riwaya mpya za kusomwa wakati wa kiangazi. Watu huchukua likizo, wakaenda ufukweni, na kitabu kimo mkobani pamoja na taulo. Sisi kalenda yetu ni nyingine. Kiangazi chetu ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma, na wakati huo watoto wako darasani. Likizo yetu ya katikati ya mwaka huangukia Agosti, kusi bado ina nguvu na Pwani kuna kipupwe. Huku Gakindu, katika Mukurweini, kaunti ya Nyeri, ambako kazi imenileta, Agosti ni ukungu asubuhi, manyunyu mchana na jiko la makaa jioni. Ni msimu wa kumfungia mtu ndani. Kwa mwenye kitabu, si msimu mbaya hata kidogo.

Nimeandika haya kwa sababu ya swali ninaloulizwa na wazazi wa Pwani wenye watoto katika shule za bweni za huku Nyeri. Mtoto anakuja nyumbani kwa wiki tatu hivi. Simu atashika, hilo halina mjadala. Je, kuna kitabu gani cha kumpa ambacho si cha mtihani?

Swali lina uzito kuliko linavyoonekana. Watoto wetu wengi humaliza sekondari wakiijua riwaya moja tu ya Kiswahili, ile iliyoteuliwa na serikali. Kuna waliofanya mtihani zama za Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora. Waliofuata walisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha ikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Vitabu vyenyewe havina neno. Tatizo ni namna vinavyosomwa. Mtoto akisoma kwa kuwinda maudhui na tamathali za usemi, siku ya mtihani ikipita hukifunga kitabu na huenda asifungue kingine maisha yake yote. Likizo ndiyo nafasi ya kumwonyesha kwamba riwaya huandikwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi.

Hapo ndipo ulipo ushauri wangu wote wa leo. Usichague riwaya kwa jalada. Usichague kwa tuzo peke yake. Uliza: mwandishi huyu alisukumwa na nini? Kama jambo lililomsukuma linakugusa na wewe, utaisoma mpaka mwisho. Kama halikugusi, utaiweka chini kwenye ukurasa wa thelathini, hata kama imepewa medali ngapi. Hebu tutazame mifano, na yote nimeichukua karibu na kwetu.

Mzee akielekea msikitini

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Akaondoka akiwa kijana wa miaka kumi na minane, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza. Hakurudi kutazama nyumbani mpaka 1984. Amewahi kueleza kwamba katika safari hiyo alimwona baba yake, mzee sasa, akitembea kwenda msikitini, naye akajiuliza: huyu mzee alipokuwa mtoto, alionaje wageni wa Kizungu walipoingia na kuitwaa nchi? Swali hilo ndilo lililozaa Paradise, riwaya iliyotoka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Mwaka 2021 Gurnah akapewa Nobel ya Fasihi.

Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mfasiri wake ni Dkt. Ida Hadjivayanis, na mchapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kwa hivyo mzazi asiye na raha na Kiingereza hana udhuru. Kisa ni cha mvulana anayeitwa Yusuf, aliyetolewa na babake kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Anafanya kazi dukani, kisha anafuata msafara wa biashara kwenda bara.

Msomaji wa Pwani ana faida hapa ambayo wahakiki wa London hawana. Mvulana Yusuf, bwana Aziz, mke wa bwana anayemtamani kijana, nguo inayochanwa kwa nyuma: nani kati yetu hajui inatoka wapi? Ni Sura ya kumi na mbili ya Qur'ani. Gurnah amechukua kisa alichokisikia tangu chuoni, akakiweka Afrika Mashariki Wajerumani wakiwa mlangoni. Lakini usidhani utaujua mwisho kwa kuwa unaijua Sura. Nabii Yusuf alitoka gerezani akakabidhiwa hazina za nchi. Mwisho wa Yusuf wa Gurnah nakuachia mwenyewe.

Ukiipenda Peponi, riwaya yake mpya ni Theft, iliyotoka 2025. Ni ya vijana watatu wa Tanzania ya juzi tu: Karim, Fauzia na Badar. Badar ni mtoto wa kazi za nyumbani anayekuja kushukiwa wizi. Humo mna hoteli za Zanzibar, watalii, na watu wanaodhani fadhila waliyokufanyia inawapa haki ya kukumiliki. Nani Mombasa, Malindi au Lamu asiyeyajua hayo?

Kisa cha msichana wa visiwani

Wapo waandishi wanaosukumwa na jambo lililotokea kweli, likavuma siku mbili tatu, kisha likasahauliwa. Wakazi wa Lamu wanakumbuka mwaka 2005, msichana wa visiwa hivyo alipopelekwa China kusoma. Ilisemwa kwamba ni kizazi cha mabaharia wa Kichina ambao jahazi lao lilizama karibu na Pate zama za safari za nahodha mkuu Zheng He. Safari hizo zilianza 1405, kwa hivyo China ilikuwa ikiadhimisha miaka 600.

Yvonne Adhiambo Owuor alikichukua kisa hicho, akajiuliza yale ambayo taarifa ya habari haina nafasi nayo. Msichana yule alijisikiaje? Anapobebeshwa historia ya mataifa mawili, nafsi yake inabaki wapi? Akaandika The Dragonfly Sea, iliyotoka 2019. Mhusika wake ni Ayaana wa Pate, mtoto asiye na baba, ambaye anamchagua baharia mzee Muhidin awe babake. Owuor si mzaliwa wa Pwani, ila aliwahi kuliongoza tamasha la filamu la Zanzibar, na bahari yetu anaijua. Kitabu ni kinene na kinataka subira. Kinamfaa mtu mzima mwenye likizo ya kweli, si mwenye kusoma akisubiri matatu ijae.

Hadithi za nyumbani

Kuna na wanaoandika kwa sababu hadithi walizokulia hawakuzikuta vitabuni. Khadija Abdalla Bajaber ni mwana wa Mombasa, wa asili ya Hadhramaut. Mwaka 2018 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Afrika ya kampuni ya Graywolf ya Marekani, na riwaya yake The House of Rust ikatoka 2021. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Ursula K. Le Guin, nayo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa.

Kisa chake: msichana Aisha, babake mvuvi amepotea baharini. Anatoka kumtafuta katika chombo cha mifupa, akifuatana na paka anayesema. Ukiisoma utasikia sauti ya nyanya anayesimulia usiku, majini na kunguru wakiwamo, na wanawake wa nyumbani wakimtafutia binti mchumba wakati yeye anaitazama bahari. Binti wa kidato cha tatu mwenye Kiingereza kizuri mpe hiki, na wala huna haja ya kukificha. Mji alioupitia kwenda madrasa ataukuta umeandikwa kama mji wa maajabu.

Kwa Kiswahili, kundi hili lina hazina. Tangu 2015 tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikizawadia miswada ya riwaya na mashairi ya Kiswahili, na kadhaa imechapishwa. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda 2018, na Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali, iliyoshinda mwaka uliotangulia, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mlango wa jela

Sasa tupande mlima. Huku niliko, ukiuliza kilichowasukuma waandishi, mara nyingi utafikishwa kwenye mlango wa jela.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikuwa mwana wa Limuru. Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu, ukachezwa na wanakijiji wenyewe wa Kamirithu. Serikali ikaupiga marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa. Humo ndani aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Ilitoka 1980, na 1982 ikaja kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Tazama kilichomsukuma: alifungwa kwa sababu ya lugha ya mamake, akaamua kwamba lugha hiyo hiyo ndiyo atakayoandikia.

Mwana wa Nyeri, marehemu Wahome Mutahi, yule tuliyemcheka kila Jumapili katika safu ya Whispers, alikamatwa mwaka 1986, enzi za msako wa Mwakenya, akafungwa. Aliyoyaona yakazaa Three Days on the Cross, riwaya ya watu wanaoteswa kwa kosa wasilolijua. Aliyezoea vichekesho vyake atashtuka.

Na tusidhani jela ni za bara tu. Adam Shafi wa Zanzibar alitiwa ndani baada ya Rais Karume kuuawa Aprili 1972. Miaka ilipita, akatoa Haini mwaka 2003. Kabla ya hapo alikwisha andika Kuli, iliyotoka 1979, inayosimulia mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja mwaka 1948. Kwa familia ya Mombasa iliyolishwa na bandari, kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu, sijui riwaya ya Kiswahili iliyo karibu na jikoni kwao kuliko hiyo.

Kitabu cha mwenzake

Msukumo wa mwisho ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu ndio unaoweza kumpata mtoto wako. Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, mwaka 1948. Alikuwa mtoto mdogo hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, akakua katika mji wa wanajeshi wa Kiingereza. Kilichomtia hamu ya kuandika ni kusoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ, iliyotoka 1964. Alikuta humo maisha anayoyajua, akaona kumbe yanaweza kuandikwa.

Mwaka 1973 akatoa Kill Me Quick, kisa cha vijana wawili, Meja na Maina, waliokwenda Nairobi na vyeti vyao kutafuta kazi wakaishia kwenye mapipa ya taka. Sisi wenye diploma zetu tunakijua kisa hicho bila kufafanuliwa. Mwaka uliofuata akatoa Carcase for Hounds, ya Jenerali Haraka na wapiganaji wake msituni. Miaka hamsini na ushei imepita, na kijana anayetuma maombi ya kazi leo akiisoma Kill Me Quick atadhani imeandikwa mwaka jana. Kwa hiyo usisumbuke sana na neno "mpya". Riwaya ambayo hujaisoma kwako ni mpya.

Utaujuaje msukumo kabla ya kununua?

Kwanza, anza nyuma ya kitabu. Ukurasa wa shukrani aghalabu hutaja mtu, mji au tukio lililoanzisha kazi. Kisha soma tabaruku mwanzoni na dibaji kama ipo. Huo ni muda wa dakika tano ukiwa umesimama dukani.

Pili, tazama mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa matukio. Riwaya ya 1994 inayosimulia zama za Wajerumani inakwambia kwamba mwandishi alikuwa anatafuta kitu nyuma. Jiulize anatafuta nini.

Tatu, soma ukurasa wa kwanza, kisha fungua popote katikati usome mwingine. Wa kwanza kila mwandishi huupamba. Wa katikati ndio unaoonyesha kama bado ana la kusema.

Nne, mzazi, soma kabla ya mtoto. Peponi, na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi iliyotengenezwa filamu mwaka 2021, zina mambo ya watu wazima. Sisemi zifungiwe kabatini. Nasema ujue unampa nani na wa umri gani, na uwe tayari kuzungumza naye.

Tano, piga hesabu. Riwaya ya kurasa 250, kwa kurasa 20 kila siku, ni siku 13. Likizo ya wiki tatu inamalizia hapo na siku za kupumzika zikabaki. Usimnunulie mtoto vitabu vitano. Mnunulie kimoja, ukisome na wewe.

Na kama mfuko hauruhusu, maktaba za umma zipo, Mombasa na Nyeri mjini. Katika miji midogo, duka la vitabu kwa kawaida ni duka la vitabu vya shule, na riwaya ni ya kuagiza. Kwa hivyo azimaneni. Kitabu kimoja kikizunguka nyumba sita za mtaa mmoja, bei yake imegawanyika mara sita.

Bahari na mlima

Nimechanganya waandishi wa Pwani na wa mlimani kwa makusudi. Tunaishi nchi moja, lakini tunajuana kwa sauti za wanasiasa. Pwani mtu wa huku huitwa "wa bara", na neno lenyewe mara nyingi limebeba kesi ya ardhi. Kesi hiyo si ya kubuni. Watu wa Lamu wanakumbuka mashamba ya makazi ya Mpeketoni miaka ya sabini, na kote Pwani wapo wanaoitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Madai hayo yana haki yake, na riwaya haitoi hatimiliki.

Lakini soma Weep Not, Child umwone Ngotho, anayemlimia mzungu shamba ambalo lilikuwa la wazee wake. Anapalilia ardhi ya babu yake kwa mshahara, akingoja siku itakayorudi. Mpwani atamwelewa mzee huyo kuliko mtu mwingine yeyote nchini, kwa sababu mfano wake yuko Kilifi na Kwale. Na kijana wa Gakindu akisoma Kuli au Peponi ataona kwamba Pwani si ufukwe na hoteli tu. Ni watu waliobeba magunia, waliowekwa rehani kwa deni, waliopokwa nchi na wageni kwa njia zao. Baada ya hapo mnaweza kubishana juu ya ardhi, na mtabishana, ila angalau kila mmoja atajua anabishana na nani.

Kwa watoto wanaopanda basi kutoka Nyeri kuja Mombasa Agosti, na wanaorudi baada ya wiki tatu, ombi langu ni dogo. Akija, mwekee riwaya moja ya nyumbani mezani. Akirudi shule, atie sandukuni kitabu cha Pwani amwazime mwenzake wa kitanda cha jirani, naye aazime cha mwenzake. Mkivimaliza, ulizaneni swali lile lile: huyu aliyeandika, alisukumwa na nini?